Jiwe Lenye Wenyewe

Wenzangu mliokulia Bukiriro enzi zetu mtakumbuka: jiwe la jikoni halikuokotwa hovyo. Mama alitupeleka kwenye mawe ya mlima nyuma ya nyumba, akainua moja, akachungulia chini yake. Akikuta vimayai viwili vyeupe, alilirudisha taratibu, upande uleule. "Hili lina wenyewe," alisema. Mwaka mmoja tulirudi na mawili tu. Figa la tatu likawa kipande cha tofali, na chungu cha maharage kikapika kimeinama msimu mzima. Hatukufa.

Wenyewe ni mijusi wadogo, hawafiki urefu wa kidole, kichwa cha njano, wanaota jua mchana kweupe wakitikisa vichwa kama wazee wa baraza. Tulipochunga mbuzi tuliwawinda. Ukimgusa anakuachia mkia, mkia unaruka peke yake kwenye nyasi, na sisi tunacheka mpaka mbuzi wanaingia kwenye mtama. Mama alituchapa kwa ajili ya mtama, kisha akaongeza kwa ajili ya mkia: "Umemwibia akiba yake ya mafuta ya kiangazi!"

Mwaka jana wakaja wasomi na kamera zao, wakanieleza kwamba mjusi huyu hayupo popote duniani ila kwenye milima yetu hii. Wananieleza mimi! Niliishia darasa la tatu, sawa. Lakini nimezunguka Biharamulo kwa baiskeli nikinunua maharage, Nemba, Kaniha, na kila jiwe nililopumzikia nililichungulia. Hayupo.

Sasa juzi mwanangu Deo, mwenye diploma, kaja na nyundo. Anataka kupasua mawe yale ya mlima apate kokoto za msingi wa nyumba, aanze na jiwe lile mama alilolirudisha.

"Mzee, si mjusi tu huyo?"

"Atahamia wapi?"

Akaiuliza simu yake. Simu haikumjua. "Unaona? Hata hayupo!"

Hayupo, na huyo hapo anamtikisia kichwa! Nyumba yangu ya bati nimeijenga kwa mikono hii, tofali nimefyatua mwenyewe, jiwe lile sikuligusa. Nikalikalia. Nikamwambia, "Haya, pasua. Anza na mimi." Akaondoka amenuna.

Lakini mimi ni mzee, sitalikalia milele. Enzi zile mama asiyejua hata kuandika jina lake alikubali chungu kiiname, ili mayai mawili yasivunjike. Leo msomi wangu hawezi hata kuinama achungulie.