Ndoo Tupu

Bwawa letu liko nje kidogo ya Igowole, chini ya mashamba ya chai. Jumapili tukitoka kanisani tunakwenda kuvua kwa ndoana, wanaume wanne na mimi, mwanamke peke yangu. Tuna mila yetu: aliyekosa kabisa, wenzake wanamtilia perege wawili kwenye ndoo asije akachekwa nyumbani. Akifika anasema kavua mwenyewe, na hakuna wa kumuumbua.

Mwaka jana, wakati wa baridi, nilikosa. Ukungu ulishuka mpaka majini, nyungunyungu wangu wakaisha, sikuambulia kitu. Fundi baiskeli, mkubwa wetu, akanitilia samaki wake. Nikamrudishia.

"Chukua, dada. Wifi yako atakusema."

"Aseme. Mimi nimechoka kudanganya kwa samaki wa watu."

Alicheka mpaka akakaa chini, akawachukua samaki wake.

Huyo wifi ninaishi naye, na kila Jumapili hunisimanga kwamba mke wa mtu hashindi bwawani na wanaume. Siku zote nikikosa nilikuwa napita njia ya nyuma na perege wa kupewa, nisiulizwe njiani. Siku hiyo nilipita barabarani, mbele ya maduka, ndoo nimeiacha wazi, anayetaka kuchungulia achungulie.

Wifi nilimkuta mlangoni, akaitazama ndoo.

"Umeshinda huko kutwa nzima. Samaki wako wapi?"

"Bwawani."

"Sasa ulikwenda kufanya nini?"

"Kuvua, wifi. Ukitaka samaki, nenda sokoni."