Stendi za Spika za Mzee Mloka

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya redio pale Mwembesongo, Fundi Mkuu hakunipa bisibisi. Aliwasha redio kubwa iliyokuwa juu ya kabati bovu la mbao, akaniambia, "Binti, weka kiganja kwenye kabati. Unasikia nini?"

"Linatetemeka, mzee."

"Basi na lenyewe linaimba, na hakuna aliyelialika. Mteja akija kulalamika, usikimbilie kufungua spika. Tazama kwanza imekaa juu ya nini."

Nilikuwa nimeshuka kutoka kijijini kwetu Mkuyuni nikitaka ufundi, na wengi walidhani nitachoka upesi. Sikuchoka. Baadaye nikaajiriwa kwenye shamba la miwa, kutunza vyombo vya muziki vya ukumbi wa wafanyakazi. Huko spika zilisimama juu ya mabomba ya chuma, na muziki ukipamba moto mabomba nayo yalilia. Msimamizi wa Karakana ya shamba, mtu wa maneno machache, aligonga bomba moja kwa spana.

"Tupu hili. Jaza mchanga."

Tulichota mchanga wa mtoni, tukaukaanga kwenye sufuria hadi ukakauka kabisa, maana unyevu hutia chuma kutu. Tukaujaza na kuziba. Nilipogonga tena, bomba lilitoa mlio mfupi kama wa gogo.

Mafunzo hayo yalinifaa sana nilipofungua karakana yangu mwenyewe Mafiga. Asubuhi moja Mwenyekiti wa Mtaa alinijia amekunja uso. Mpangaji mmoja, Mzee Mloka, mstaafu wa kiwandani, alikuwa akifungulia muziki wa dansi kwa sauti kubwa mchana kutwa. Nyuma ya ukuta wake aliishi Mama Zuhura, aliyekuwa akimuuguza mama yake mzazi. Vikombe vyake vilitembea mezani kwa mtetemo. Majirani hao hawakusalimiana tena, na mwenye nyumba alishatamka kwamba mzee ahame mwezi ukiisha.

Nilikwenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuchukua redio yangu?"

"Nimekuja kuisikiliza."

Masikio yake yalikuwa yameharibiwa na kelele za mitambo. "Siyasikii maneno ya mwimbaji," aliniambia, "ndiyo maana naongeza. Na tangu mke wangu afariki, nikizima, nyumba inakuwa kimya mno."

Spika zake zilikuwa sakafuni, zimesukumwa kwenye pembe za ukuta ule ule wa Mama Zuhura. Spika ikikaa hivyo, besi, yaani sauti nene, huvimba na kufunika maneno, na mtetemo wake hupenya sakafu na ukuta hadi kwa jirani. Mzee aliongeza sauti ili asikie maneno, kumbe alichozidisha ni besi.

Nilichomelesha stendi mbili za bomba, nikazijaza mchanga. Nikakata vipande vya mpira wa tairi, vingine chini ya stendi, vingine kati ya stendi na spika. Kimo nilikipima kwa sikio la mzee akiwa kitini, kwa sababu ile spika ndogo ya sauti nyembamba, iliyo juu kwenye boksi, lazima ilingane na sikio. Kisha nikazihamishia upande wa pili wa chumba, mbali kidogo na ukuta, zikimwelekea.

"Sasa sebule yote imekuwa ya spika," alinung'unika.

Nikawasha kwa sauti chini ya nusu ya aliyoizoea. Alinyoosha mkono aongeze, mkono ukabaki hewani.

"Kumbe anasema Hadija," akatamka taratibu. "Miaka yote hii nilidhani anasema hakuja."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Zuhura. Nikajiandaa kwa ugomvi.

"Shikamoo, mzee," akasema, akitazama chini. "Mama anauliza mbona leo hakuna muziki. Ameshauzoea."

Mzee Mloka akanigeukia. Nikatikisa kichwa, spika hazirudi kule.

"Basi mlete," akasema. "Kiti kipo."

Tulimshika bibi mgonjwa huku na huku, tukamketisha karibu na mzee. Mwenyekiti alikwenda mwenyewe kwa mwenye nyumba, na habari ya kuhama ikafa.

Sasa nimestaafu, nimerudi Mkuyuni. Vijana huniletea spika zao za kisasa, wakiniambia zimeharibika, kumbe wameziweka juu ya friji. Nawaambia watafute mahali imara na kipande cha mpira. Nimefunga vyombo vya muziki katika kumbi zilizojaa watu, na nilijua kazi yangu. Lakini nikiulizwa kazi niliyoipenda kuliko zote, nawataja wazee wale wawili, wamekaa kimya vitini, kila mmoja akisikia maneno yote.