Mama Chupa na Vijidudu Wala Sabuni

Maabara nzima ilimwita Mama Chupa, ingawa hakuwa na mtoto wala mume. Alichokuwa nacho ni chupa arobaini ndani ya kabati lenye giza. Kazi yake ilikuwa kujua kama kemikali ya kiwandani ikiingia majini itaoza iishe, au itakaa humo miaka nenda miaka rudi. Alitia kemikali kidogo majini, akaongeza matone ya majitaka yenye vijidudu, akaziba, akasubiri siku ishirini na nane. Vijidudu wakila, oksijeni hupungua. Wasipokula, jibu ndilo hilo.

Mwaka huo kiwanda cha sabuni kilileta kemikali mpya, na majaribio mawili yakaharibika. Hata katika chupa za kulinganishia, zilizotiwa chakula chepesi ambacho hata kijidudu mgonjwa angekila, oksijeni haikupungua. Kumbe dereva wa maabara alikuwa akiyaacha majitaka garini juani, vijidudu wanafika wamekufa.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema Mama Chupa, akabeba ndoo akaenda mwenyewe.

Msimamizi wa mabwawa ya majitaka alikuwa mgane mrefu, mabuti ya mpira hadi magotini, mpole kama maji ya mtungini.

"Dada, unawapeleka wapi hawa?"

"Wakale sabuni."

"Haitawashinda. Hawa wanakula vya mji mzima tangu alfajiri, na hawajawahi kulalamikia chumvi."

Mama Chupa alicheka hadi akaiweka ndoo chini. Mgane akaifunika kwa gunia bichi, akaomba jambo moja tu: apewe habari zao, maana amewalea.

Basi kila alipofungua jozi ya chupa kupima, alipiga simu.

"Chakula chepesi wamekifagia," alimwambia siku ya saba. "Sabuni wameionja tu."

"Waache wazoee ladha."

Simu zikawa ndefu kuliko habari zenyewe. Dada yake Mama Chupa, aliyeishi naye, akauliza, "Tangu lini mtu anajipaka wanja ili azungumzie wadudu?"

Ili kemikali ipite, ilitakiwa asilimia sitini yake iwe imeliwa kufikia siku ya ishirini na nane. Siku ya ishirini na moja kipimo kilisoma sitini na nane. Mama Chupa akakimbia ukumbini, kiatu kimoja kikabaki nyuma, akamvaa mkuu wa maabara kifuani. Mkuu akaamuru apime tena. Akapima. Sitini na nane.

Mgane alipopigiwa simu alifika kabla ya saa sita, shati limepigwa pasi, mabuti amesahau kuyavua. Akainamia chupa.

"Mbona siwaoni?"

"Hawaonekani kwa macho."

"Basi nimekuja kukuona wewe," akasema, akaona haya. Mama Chupa naye akajibu kwamba anaonekana kila siku ya kazi, na Jumapili pia.

Walioana kabla kemikali nyingine haijaletwa. Majirani walipomuuliza dada mtu shemeji yake anafanya kazi gani, alijibu kwamba yumo katika mambo ya maji, akaishia hapo.