Bwana Sululu Alimwoa Nani?

Abrahamu Mgaya wa Kitandililo alikuwa mkulima wa viazi, mzee wa kanisa, na mpenzi wa gazeti la katuni lililokufa zamani, liitwalo Mbavu Zangu. Ujanani alilinunua kwenye kituo cha mabasi cha Makambako na kulificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Mchungaji alidhani kijana yule anabubujikwa na Roho, kumbe alikuwa akibana kicheko.

Alipomwoa Esnath, upepo wa Julai uliingia chumbani kama mkwe asiyejua hodi. Esnath akakoroga gundi ya unga wa ngano, akabandika magazeti yote ukutani kuziba nyufa. Tangu hapo Abrahamu hulala akisoma. Juu ya kitanda, kwenye ukurasa wa marafiki wa kalamu, kijana wa Tabora mwenye suruali ya bugaluu na hobi ya "kubadilishana mawazo" amewatazama miaka zaidi ya thelathini, wala hawajambadilishia wazo hata moja. Pembeni yake, nyota ya Ng'e inaahidi safari njema wiki hii. Abrahamu ni Ng'e, na kila wiki husafiri hadi shambani.

Kidonda kilikuwa karibu na mlango. Katika hadithi ya picha, tapeli Bwana Sululu alikuwa ameposa wanawake wawili siku moja: nesi Rehema, na Mama Chupa mwenye baa. Alimwoa nani? Jibu lilikuwa kwenye toleo la mwisho, na kabla Abrahamu hajalifungua, Esnath alikuwa ameshalibandika, picha za mwisho zikitazama udongo. Upande wa pili ulikuwa na tangazo la sabuni lenye maua, naye alipenda maua. Abrahamu alijaribu kuubandua ukurasa huo mara moja, kona ikachanika, akaogopa kuendelea.

Sasa binti yao Germana alikuwa amekuja kutoka Njombe na fundi Shadrack, ili ukuta upigwe lipu.

"Baba, wageni wa posa wanakuja Jumamosi. Waje kusoma 'Natafuta mchumba mrefu, asiwe mlevi'?"

"Watajua masharti mapema," alisema Abrahamu, akaegemea mlango kwa mgongo wote. "Hapigi mtu lipu hapa mpaka nijue Sululu alimwoa nani."

Akaleta birika linalotoka mvuke, akalielekeza kwenye maua ya sabuni. Karatasi ikalegea, akaivuta kwa kucha, taratibu, huku akiomba kimoyomoyo iwe Mama Chupa. Ikachanika vipande vipande. Kilichosalia udongoni ni kiatu kimoja cha bwana harusi.

"Kiatu!" alilia Abrahamu. "Kiatu kinamwoa nani?"

"Mzee, saruji yangu inaganda," alisema Shadrack.

Esnath alikuwa kizingitini akichambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Mwisho ninaujua mimi."

Abrahamu nusura aangushe birika. "Mama Germana! Umeujuaje?"

"Kwani nilibandika nimefumba macho?"

"Miaka yote hii unaniona nahangaika!"

"Hukuniuliza. Mimi uliniuliza chumvi tu."

"Sasa nakuuliza."

"Lipu kwanza."

Abrahamu hakubishana. Alivua koti, akabeba karai, akamwaga maji, akamharakisha Shadrack kama anayefukuzwa na mvua. Kijana wa Tabora akazikwa na hobi zake, nyota ya Ng'e ikazima. Germana, aliyekuja akidharau makaratasi yale, naye alikuwa akichota mchanga.

"Mama, alikuwa Mama Chupa, si ndiyo?"

Fundi alipolainisha kona ya mwisho, Esnath akakung'uta ungo.

"Alimwoa nesi."



"Nesi?" alisema Abrahamu. "Sululu? Na sindano zile za Rehema? Haiwezekani, ulisoma vibaya!"

"Nilisoma vizuri. Mama Chupa ndiye aliyepika pilau ya harusi."

Abrahamu akamnyang'anya Shadrack mwiko, akaukabili ukuta mbichi.

"Sogea, fundi. Hiyo lipu inatoka. Nataka kuona kwa macho yangu!"