Krimu, Biskuti na Mchanga

Fundi alipaka vipande vitatu kwenye ukuta wa sebule, akasema hiki krimu, hiki biskuti, hiki mchanga. Nilivitazama hadi macho yakauma. Kwa ukungu wa Kawetele, huku Tukuyu, vyote vilikuwa rangi moja, rangi ya chai iliyozidi maziwa, na mume wangu akawa ananihimiza nichague kana kwamba ananipa zawadi.

Sikutaka hata kimoja. Nilikuwa na chumba changu cha ushonaji Mbeya, cherehani zangu, wateja wangu walionizoea. Yeye amejenga huku, jirani na wazazi wake, na nilishamwambia sihami. Akanijibu tumalize kwanza rangi, mengine tutaongea. Namjua huyu mtu. Rangi ikishakauka, hakuna cha kuongea.

Ndipo tukasikia kikohozi cha baba mkwe barazani. Kwa mila ya Kinyakyusa, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe: hamtazami usoni, wala hatakiwi kumsikilizisha sauti yake. Siku hizi wengi wameilegeza, lakini mzee wetu ameing'ang'ania. Nikakimbilia chumbani, nikarudishia mlango. Chumba hakikuwa na mlango mwingine, na dirisha lilishawekwa nondo.

Mzee akaketi. Mvua ikaanza, ile ya Tukuyu isiyo na haraka, nikajua haondoki leo. Nilisimama kwenye vumbi la saruji nikiwasikiliza wakinipangia maisha: jiko la nje likae wapi, nipewe migomba ya upande gani. Hasira zilinipanda. Neno moja tu lingetosha, na ndilo nililokatazwa.

"Mama mwenye nyumba anapenda ipi?" mzee akauliza. "Hebu kamuulize. Na kama kukaa huku hapendi, aseme tu, mwanangu. Mimi simlazimishi mtu."

Mume wangu akafungua mlango kidogo, akaingiza kichwa. Hakuuliza kitu. Nilitikisa kichwa, nikatikisa tena, nikamwonyesha kwa mkono kule iliko barabara ya Mbeya. Aliniona vizuri kabisa. Akaurudishia mlango taratibu.

"Amesema biskuti, baba."

"Ndaga fijo!" mzee akashukuru kwa Kinyakyusa, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Kisha nikamsikia fundi akifungua ndoo.