Uso wa Khamisi kwa Nukta za Wino

Naikumbuka siku moja kule Kuluba, mwanangu, nilipokaribia kuwamwagia watu wazima chupa ya wino. Usicheke. Jana nimekuona ukitupa kalamu kwa sababu mteja alisema umempa baba yake pua ya mtu mwingine. Nikajisemea, ngoja nimpe huyu kijana habari kabla hajaharibu nibu nyingine ya kalamu, maana nibu nzuri siku hizi Arua nzima unaweza kuzunguka na usiipate.

Nilikuwa bado binti, naishi Onduparaka, kando ya Arua, ambako mpira ukichezwa kelele zote zinakuja kukaa mezani kwako. Nilikuwa nachora majani na wadudu kwa ajili ya walimu, kwa nukta tupu, bila kupaka kivuli. Baadaye watu wakaanza kuniletea sura za ndugu zao. Basi akaja mama mmoja kutoka Koboko, jina lake Hawa. Mumewe Khamisi alikuwa askari, akafa kwenye vita vya sabini na tisa, binti yao Zainabu akiwa bado tumboni. Sasa Zainabu alikuwa mwanamke mzima, anaolewa, anakwenda kuishi Yei upande wa Sudan. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya kuondoka: kuijua sura ya baba yake na kwenda nayo.

Picha ilikuwepo, ila Mama Hawa hakukubali itoke nje ya nyumba yake. Ilibidi nifunge karatasi na wino, nipande lori, niende mwenyewe mpaka kwake Kuluba, huko Koboko.

Na picha yenyewe sasa! Ilikuwa kichwa kitupu, kidogo kama ukucha wa dole gumba. Siku ya kukimbilia Zaire, mtu kukutwa na picha ya mwanajeshi ilikuwa kujitafutia kifo. Wengine walizichoma. Mama Hawa alichukua wembe akakata gwanda, akalitupa motoni, kile kichwa akakishona ndani ya pindo la kitenge chake. Kilikaa huko miaka yote ya ukimbizi, kwa jasho na kwa mvua. Wewe unayelalamika kwamba wateja wanakuletea picha zisizoonekana vizuri, hujaona kitu.

Nikakaa barazani, palipokuwa na mwanga. Kazi hii unaijua: kalamu inasimama wima, inagusa na kuondoka. Penye giza unazisonga nukta, penye mwanga unaziachia nafasi. Ukichoka, mkono unalala, nukta zinaota mikia, na wino haufutiki. Ndiyo maana anayechora uso kwa nukta anahitaji utulivu. Mimi nilipewa mashemeji wawili wa Mama Hawa.

Wa kwanza alikuwa Rajabu, mdogo wake marehemu, mtu wa sauti. Wa pili ni Musa, kitinda mimba wao, mfanyabiashara wa nguo. Walileta viti, wakakaa mmoja huku na mwingine kule, na kila nilipoinua kalamu mmoja alikuwa na neno. Rajabu aliinama mpaka pua yake ikakaribia karatasi.

"Dada, hii mutu iko na ndui," akasema. "Ndugu yangu hapana kuwa na ndui."

Nikamweleza kwamba zile ni nukta, akirudi nyuma zitaungana ziwe ngozi. Akarudi nyuma hatua moja, akatazama, akarejea kuinama palepale. Wote wako hivyo, mwanangu, hata leo. Anasimama juu ya picha kama anatafuta sindano, halafu anakulaumu wewe.

Kisha likaja la nguo, kwa kuwa wembe haukuacha kitu chini ya shingo.

"Weka yeye nguo ya jeshi," Rajabu akasema, "na nyota tatu kwa bega."

"Khamisi ilikuwa koplo," Mama Hawa akajibu kutoka jikoni.

"Shemeji, wacha. Nani nauliza wewe sasa?"

Musa yeye hakutaka jeshi hata kulisikia. Alitaka suti na tai, tena alinieleza mpaka upana wa kola. Wakaanza kubishana. Rajabu akataka masharubu, Musa akasema hayakuwepo, Rajabu akagonga meza, na wino ukaruka ukatua karibu na jicho. Nilinyanyua ile karatasi nikaichana. Nilikuwa nimechoka nao, nakwambia kweli, nilitamani lori la kurudi Arua lipite muda uleule. Zainabu aliokota vipande, akaniwekea chai mbele yangu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza neno tangu asubuhi, na picha ilikuwa yake.

Kesho yake nikaanza upya, nao wakarudi na viti vyao. Nilivumilia mpaka nilipofika upande wa kushoto wa kichwa. Hapo nikakwama, kwa sababu Mama Hawa alipokata kwa haraka, wembe ulipita na sikio. Nikaweka kalamu chini.

"Haya," nikawaambia, "tuache nguo. Sikio lake hili lilikuwaje?"

Rajabu akajishika sikio lake mwenyewe. Musa akatazama miguu yake.

"Ilikuwa sikio tu," Rajabu akasema mwishowe, na ile sauti yake kubwa haikuwepo.

Mama Hawa alitoka jikoni, mikono ina unga wa muhogo. Aliiangalia ile karatasi.

"Mimi nalala na yeye miaka mingi," akasema. "Na sikio yake nasahau." Akakaa chini pale mlangoni akalia.

Hasira zangu zote ziliniishia, mwanangu. Nikaelewa kwamba wale wanaume walikuwa wakipigania nyota na tai kwa sababu uso wenyewe ulikuwa unawaponyoka, na waliogopa kulisema hilo mbele ya yule binti. Rajabu ndiye aliyeinuka. Alimshika Zainabu kidevu taratibu, akamgeuza upande, akasogeza kitambaa chake cha kichwa.

"Angalia hapa," akaniambia. "Hii ndio sikio yake, mtoto nachukua ya baba. Shemeji, njoo angalia."

Mama Hawa akaja, akaligusa lile sikio kwa kidole chenye unga, akaitika kwa kichwa. Basi Zainabu akakaa kwenye kiti cha ami yake, nami nikalichora sikio lake kwenye kichwa cha baba yake, nukta moja moja. Nilipomaliza, Rajabu akakumbuka nguo.

"Baba Rajabu," Zainabu akamwambia ami yake, "nguo iko nyingi kwa soko. Mimi nataka uso."

Chini ya shingo nikaacha karatasi nyeupe. Tukaisimamisha picha ukutani, Zainabu akarudi nyuma mpaka uani, akatazama, akasema, "Shikamoo, Baba."

Rajabu alifuta macho, kisha akaniambia masharubu yalikuwepo. Mimi nikafunga chupa ya wino.

Kwa hiyo nisikilize. Kabla hujaweka nukta ya kwanza, uliza picha ni ya nani, umsikilize huyo. Usichore usichokijua ili kumnyamazisha mtu mwenye kelele. Ukikwama, sema umekwama, maana huenda anayelijua jibu amesimama nyuma yako na sinia ya chai. Na anayekusumbua kwa pua na kola, mvumilie kidogo, huenda anatafuta mtu wake na hamwoni.

Mungu akutulizie mkono, akulindie macho yako, na kila uso utakaoletewa akuwezeshe kuurudisha kwa wenyewe. Sasa nenda kamwite yule mteja wa pua, umwombe akae.