Bodi Iliyovikwa Gomesi

Ofisi yetu ya Jinja ilikuwa inafungwa, na habari hiyo hata paka wa stoo aliijua. Kampuni ya pamba ilibakiza tawi la Mbale tu, na huko seva yao ilikuwa imekufa bodi kuu. Meneja wa Mbale akanipigia simu.

"Fundi, toa bodi ya hiyo seva yako, lete hapa. Ikiwaka, una kazi Mbale. Isipowaka, wakubwa wanafunga huku pia."

Kufa kufaana, nikajisemea. Mashine zile zilikuwa pacha, na sikuwa na tumaini lingine.

Kutoa bodi si kazi ya nguvu, ni kazi ya adabu. Nilizima mashine, nikachomoa waya ukutani, nikabonyeza swichi ili umeme uliobaki ndani uishe. Kila mara niligusa chuma kitupu cha kasha, maana mwili wa mtu na nguo zake hubeba umeme mdogo asiousikia mwenyewe, na huo ndio huua bodi kimya kimya. Nikatia alama kwenye nyaya, nikatoa kadi, nikafungua skrubu, nikaiinua bodi kwa kingo zake. Haikupata hata mkwaruzo. Nilijivuna, sikatai. Mfuko wake maalumu wa kuzuia umeme huo panya walikuwa wameshautafuna, kwa hiyo niliizungushia magazeti makavu nikaiweka kwenye boksi.

Nyumbani Walukuba nilikaa na mama, mjane wa askari, aliyetulea kwa Kiswahili cha kambini. Nilimwonyesha boksi.

"Mama, humu usiguse kwa mkono. Kazi yangu yote imo humu."

"Nimesikia," akasema, nami nikaenda kuoga.

Asubuhi nililikuta boksi limefungwa kamba vizuri kuliko nilivyoliacha. Nikamshukuru, nikaondoka nalo. Ulikuwa msimu wa kiangazi, na mpaka nafika Mbale nilikuwa mwekundu kwa vumbi.

Meneja alikuwa ameshanipangia meza. Nilipofungua boksi, magazeti yangu hayakuwamo. Bodi ilikuwa imevikwa gomesi ya mama, vazi lake refu la nailoni inayong'aa, la harusi na Krismasi. Nilipoivuta, nguo ikalia tatata na vinyweleo vya mkono vikasimama. Nikajua yamekwisha.

"Eh, fundi! Umeniletea bibi harusi?" Meneja akacheka.

Niliifunga ndani ya seva yao hivyo hivyo, kwa adabu ile ile, kwa sababu mtu hukataa kuamini. Feni zikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi. Nikatoa kadi, nikarudisha, nikahangaika mpaka jioni, na meneja akaacha kucheka.

"Basi, fundi. Pole," akasema. Pole yake ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyonimaliza.

Mama alinisubiri mlangoni.

"Kitu yako ilifika muzuri?"

"Ilifika, mama."

"Mimi nilipanguza yeye kwanza, vumbi ilikuwa mingi sana. Lakini mukono yangu haikugusa. Nilishika na nguo tu, vile wewe ulisema. Kitu ya maana haiwezi enda kwa watu na gazeti, kama samaki ya ziwa pale Wanyange."

Alikuwa amefurahi mno. Alinitii neno kwa neno, akatoa nguo yake bora kuliko zote. Nilimwambia wakubwa wameamua kufunga na Mbale pia. Akawalaani vizuri, kwa lugha ya kambini, mpaka majirani wakachungulia.

Kisha akaichukua gomesi kutoka mikononi mwangu, akaikunja taratibu.

"Hii mimi nitavaa siku wewe napata kazi ingine," akasema.

Jinja ya miaka ile haikuwa na kazi nyingine. Viwanda vilifungwa kimoja baada ya kingine, na mimi nikaishia kuchomelea masufuria ya watu. Gomesi ilikaa sandukuni, na mama hakuwahi kuivaa. Tulimvika sisi, siku ya kumzika.